Nguo ya Ndani: Pamba, Mtumba na Msamiati wa Mavazi ya Siri Kutoka Pwani ya Kale Hadi Gongo la Mboto



Jina la mhadhara huu lilipobandikwa ubaoni, baadhi ya wanafunzi walicheka. Sikuwalaumu, kwani kicheko chao ni ushahidi wa kwanza wa jambo ninalokusudia kulijadili. Kuhusu kanga na maandishi yake tumekwisha kuandika mengi; kuhusu kanzu, buibui na kofia ya viua yapo maandishi ya kutosha. Lakini kuhusu nguo inayovaliwa chini ya hizo zote tumekaa kimya, kana kwamba mwili wa Mswahili huanzia kwenye vazi linaloonekana. Neno lenyewe tunalolitumia, nguo ya ndani, ni tasfida. Vijana wa mjini wameongeza tasfida juu ya tasfida kwa kuiita kufuli. Palipo na tasfida nyingi namna hii, mchunguzi wa lugha hana budi kujiuliza ni kitu gani kinachositiriwa.

Nimechagua kuimalizia safari hii Gongo la Mboto, katika Wilaya ya Ilala, kwa sababu maalumu. Walio wengi hulikumbuka jina la mahali hapo kwa usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka na watu zaidi ya 20 wakafariki. Kwa mtu anayechunguza historia ya nguo, hata hivyo, ukanda wa Barabara ya Pugu una kumbukumbu nyingine ya zamani zaidi. Hapo palijengwa viwanda vya nguo. Hapo leo mtumba humwagwa juu ya turubai. Na hapo hapo, hatua chache kutoka kwenye mtumba, huuzwa chupi mpya kutoka ng'ambo. Mambo hayo matatu yamekutana kwenye barabara moja, nami nataka kueleza yalivyofika hapo. Hoja yangu ni hii: nguo iliyo karibu zaidi na ngozi yetu ndiyo iliyohama mbali zaidi na mikono yetu, na maneno ya Kiswahili yametunza kumbukumbu ya kuhama huko kuliko nyaraka nyingi za serikali.

Tuanze na shahidi wa zamani. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, kisha akaendelea hadi Mombasa na Kilwa. Kule Mogadishu alisifu kitambaa kilichofumwa hapo hapo mjini na kusafirishwa mpaka Misri na kwingineko. Alipopewa mavazi kwa heshima ya ugeni wake, alipata kitambaa cha kujifunga kiunoni, na akaeleza kwamba watu wa huko hukivaa badala ya suruali ya ndani, vazi ambalo hawakulijua. Maelezo haya mafupi yana thamani kubwa. Mgeni aliyezoea kuvaa nguo mbili, ya ndani na ya nje, alikutana na watu ambao kwao nguo iliyofungwa kiunoni ilikuwa yote mawili. Haina maana kwamba walikosa adabu au walikosa kitambaa. Kitambaa walikiuza hadi Misri. Mgawanyo wenyewe wa ndani na nje haukuwa katika utaratibu wao wa kuvaa.

Kwamba uzi wa nguo hizo ulisokotwa huku huku, akiolojia imethibitisha. Katika machimbo ya Kilwa Kisiwani ya miaka ya 1960, Neville Chittick alipata vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, yaani vizito vya kufanya pia ya kusokotea uzi izunguke. Mtu aliyeokota kigae cha chungu kilichovunjika akakitoboa ili asokote pamba hakuwa akingoja jahazi. Bara nako hali ilikuwa hivyo. Wafipa walifuma nguo za pamba zilizosifika, na Richard Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka 1857 na 1858, aliwakuta wafumaji wakiwa kazini. Kiswahili kilikuwa na jina la chombo chao, kitanda cha mfumi, jina ambalo sasa mwanafunzi hulikuta katika kamusi za zamani tu na kudhani kwamba ni kitanda cha kulalia.

Sasa tuyatazame majina ya mavazi yenyewe. Yamegawanyika katika makundi mawili, na mpaka uliopo baina yao ni wa kihistoria. Kundi la kwanza ni la nguo ambazo mtu huzipata kwa kukikunja, kukifunga au kukichomeka kitambaa ambacho hakijashonwa. Katika kundi hili kuna uwinda, ambao wengine huutamka ubinda au winda: kitambaa kinachopitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma. Kuna mkaja, kitambaa anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, ambacho pia kimekuwa jina la mojawapo ya malipo ya ndoa, kwa kuwa mama aliyefungwa mkaja kwa ajili ya binti ndiye anayestahili kukumbukwa siku binti anapoolewa. Kuna sodo, kitambaa cha siku za mwezi. Kuna shuka. Haya yote ni maneno ambayo wakunga, masomo na bibi waliyatumia bila haya walipowafunza mwari, kwa sababu yalikuwa sehemu ya elimu.

Kundi la pili ni la nguo zilizoshonwa, na hapa karibu kila jina lina pasipoti ya kigeni. Suruali imetokana na Kiarabu, na Waarabu nao waliichukua kwa Waajemi. Sidiria inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kifua. Shimizi linafuatwa hadi Kifaransa. Singlendi na boksa yametoka Kiingereza. Sisemi kwamba neno la mkopo ni neno duni, maana kwa kigezo hicho tungebaki na nusu ya kamusi. Ninachosema ni kwamba vazi lilipoacha kufungwa na kuanza kushonwa, liliacha pia kupewa jina na yule aliyelivaa. Lilifika limekwisha kupewa jina.

Baina ya makundi hayo mawili kuna merikani. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, meli za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja shehena kubwa za kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na watu wa pwani wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka. Kilikuwa kizito, cha kudumu, na cha bei ambayo mfumi wa kienyeji hakuiweza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata ugavi, viwanda vya Uingereza na baadaye vya Bombay vilichukua nafasi, lakini jina merikani lilibaki hata kitambaa kilipokuwa cha Kihindi. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Jora lilipimwa kwa nyingi zaidi. Majora yalifungwa pamoja, yakakazwa kwa kamba, yakawa mzigo mrefu wa kubebwa begani na mpagazi kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Mzigo huo uliitwa mtumba.

Naomba tusimame kidogo kwenye neno hilo. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 na ile ya Johnson ya mwaka 1939 zinaeleza mtumba kuwa ni robota la nguo, mzigo wa msafara. Nguo hizo zilikuwa mpya. Mtumba ulikuwa mali, tena mali iliyotumika kama fedha: kwa mtumba ulilipwa hongo ya mtemi, chakula cha wapagazi, pembe na, lazima tuseme, watu. Leo ukimwambia mtu kwamba amevaa mtumba unamaanisha kwamba amevaa nguo iliyovuliwa na mwingine. Umbo la mzigo halikubadilika, maana bado ni robota lililokazwa kwa kamba. Kilichobadilika ni kilichomo na hadhi ya anayekipokea.

Wakati wa Wajerumani pamba yenyewe iligeuzwa. Mmea ambao Mfipa na Mnyamwezi walikuwa wakiulima ili wavae ukawa zao la amri, linalolimwa katika shamba la jumbe na kusafirishwa likiwa ghafi. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na huo ukawa mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Walichokikataa ni kulimishwa kitu ambacho hawakitumii na wala hawakilipwi ipasavyo.

Upande wa Unguja, baada ya amri ya 1897 ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa, waliokuwa watumwa waliacha kaniki na merikani, nguo zilizowatambulisha kwa unyonge, wakachagua kanga na kanzu. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, amelieleza jambo hili vizuri, sina haja ya kulirudia. Nitaongeza tu kwamba kanga haikuwa vazi la nje peke yake. Kanga iliyochakaa iliingia ndani: ilivaliwa chini ya gauni, ilikatwa sodo, ilifungwa mkaja, na mwisho wake ilikuwa winda la mtoto mchanga. Nguo moja ya pamba ilipitia ngazi zote hizo ndani ya nyumba moja, na kila aliyeivaa alimjua aliyeivaa kabla yake.

Baada ya uhuru nchi iliamua kufuma upya. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, na Mwatex ya Mwanza ni ya miaka hiyo hiyo. Kando ya Barabara ya Pugu majina yaliyotajwa yalikuwa Sunguratex na Kiltex. Mwaka huo huo wa 1968, mwezi Oktoba, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia kuanzia Januari 1969. Inafaa kuyaweka mambo haya mawili pamoja. Taifa lilikuwa limeanza kufuma nguo na, kwa wakati ule ule, kukagua nguo. Na yote mawili yalihusu nguo ya nje. Viwanda vikubwa vilitoa kanga, vitenge, shuka za kitanda, kaki ya sare. Nguo ya ndani haikuwa katika mpango mkuu.

Sababu yake si haya tu. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kufuma, kwa kazi mbili zilizo tofauti kabisa: kuzipitanisha nyuzi za urefu na za upana, kama katika kanga, na kufuma vitanzi kwa sindano, kama katika sweta na fulana. Lugha haikuona haja ya kutofautisha; mashine zilitofautisha. Chupi, fulana na soksi huhitaji kitambaa cha vitanzi kinachovutika, na huhitaji lastiki. Viwanda vya umma vilijaa mitambo ya aina ya kwanza. Aina ya pili ilibaki zaidi katika viwanda vya watu binafsi, kama Sunflag ya Arusha, kilichoanza katikati ya miaka ya 1960. Kwa hiyo nchi iliyolima pamba nyingi na kuichapa maua na methali haikuwa imejipanga kumvika raia wake vazi la kwanza analolivaa asubuhi.

Kisha ukaja uhaba wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa foleni za duka la kijiji. Nguo za mitumba hazikuruhusiwa rasmi, ingawa zilikuwepo, nazo ziliitwa kafa ulaya: mwenyewe kafa, huko Ulaya. Jina hili lilikuwa na ucheshi na pia kinga, kwani anayeamini kwamba mwenye nguo amekufa haulizi kwa nini aliitupa. Bajeti ya mwaka 1984 ilipolegeza masharti ya uagizaji, mlango ulifunguka, na katika muongo uliofuata viwanda vya umma vikafungwa au kuuzwa kimoja baada ya kingine. Neno kafa ulaya likafifia, na mtumba, neno la wapagazi, likarudi kuchukua nafasi yake.

Katika soko la mtumba kuna kitenzi kinachotuhusu sisi wa idara hii kwa namna ya pekee. Robota likifunguliwa, wanunuzi huja kuchambua. Mkulima wa Shinyanga naye hupeleka pamba kiwandani ikachambuliwe, ili nyuzi zitengane na mbegu. Na sisi humu darasani huchambua riwaya na mashairi. Ni kitenzi kimoja. Lakini tazama kilichotokea: pamba yetu huchambuliwa na sehemu yake kubwa huondoka nchini ikiwa marobota, miaka kadhaa baadaye nguo huja ikiwa marobota, na tunachambua tena. Kazi zote zilizo kati ya uchambuaji huo wa kwanza na wa pili, yaani kusokota, kufuma, kutia rangi, kukata na kushona, zimefanywa na wengine, nao ndio waliolipwa.

Mwaka 2009 Shirika la Viwango Tanzania lilianza kusimamia kwa nguvu katazo la kuingiza na kuuza nguo za ndani zilizokwisha kutumika. Ghana ilifanya vivyo hivyo mwaka 2011, na Zimbabwe mwishoni mwa mwaka huo. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, hasa magonjwa ya ngozi. Wengine walilicheka katazo hilo, kama wanafunzi walivyocheka mbele ya ubao. Mimi sikulicheka, ila lilinitatiza. Miaka 40 baada ya Operesheni Vijana, dola ilikuwa imehama kutoka kukagua kinachoonekana hadi kukagua kisichoonekana. Na mara nyingi aliyenyang'anywa mzigo alikuwa mchuuzi wa mwisho, mwenye turubai, si aliyeleta kontena. Zaidi ya hayo, katazo lilisema nguo gani isiuzwe bila kusema nyingine itatoka wapi.

Ilitoka China. Chupi mpya za nyuzi za bandia, nyepesi, za rangi kali na bei ndogo, zilijaza nafasi iliyoachwa. Kwa joto la Dar es Salaam, lenye unyevu karibu mwaka mzima, nyuzi hizo hazinyonyi jasho kama pamba inavyonyonya, na wauguzi wa kliniki za wanawake hawachoki kuwashauri wagonjwa wao wavae pamba. Ushauri huo ni mzuri, lakini anayeshauriwa atainunua wapi?

Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao mwaka 2017, vitisho vya kuondolewa katika mpango wa AGOA vikafuata, na Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda haikurudi, mwaka 2018 nguo zake zilisimamishwa kuingia Marekani bila ushuru. Msomaji wa historia ya merikani atatambua kwamba si mara ya kwanza soko la Salem na soko la Afrika Mashariki kufungwa kamba moja.

Ajabu ni kwamba pamba ya kuvaliwa ndani, tena iliyo bora, haiko mbali. Katika Wilaya ya Meatu, iliyokuwa Shinyanga na tangu 2012 iko Mkoa wa Simiyu, mradi wa bioRe ulianza mwaka 1994 kwa ushirikiano na kampuni ya Remei ya Uswisi. Wakulima wake hawatumii viuatilifu vya viwandani wala mbolea za chumvichumvi. Hutumia samadi, hubadilisha mazao, na hupanda alizeti shambani kuwavuta wadudu mbali na pamba. Tanzania imehesabiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa pamba ya namna hiyo barani Afrika. Mwaka 2007 Afrika Mashariki ilipitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hicho, na alama yake ikapewa jina la Kiswahili: Kilimohai. Kwa mara moja tulikuwa tumekipa kitu jina kabla hakijatufikia na jina lake. Hata hivyo pamba ya Meatu hutafutwa zaidi na wanunuzi wa Ulaya, ambako mama mwenye uwezo humchagulia mwanawe fulana isiyo na sumu. Na fulana hiyo, ikishachoka, huenda ikaingia kwenye robota.

Mwezi uliopita nilishuka Gongo la Mboto jioni, wakati watu wanatoka kazini. Kwenye meza moja chupi zilipangwa kwa rangi. Nilimwuliza muuzaji kama anazo za pamba.

"Hizi zote pamba, mama," alinijibu.

Nilizishika. Hazikuwa pamba. Nikamwuliza za kiwanda cha hapa nchini.

"Za hapa? Mama yangu, hizo mimi sijawahi kuletewa. Nenda kwa fundi."

Fundi alikuwa na cherehani barazani, mbele ya duka la mangi. Hushona sare za shule, na vitambaa vinavyobaki, pamoja na fulana za pamba anazozichagua mwenyewe kwenye mtumba, huvikata chupi za watoto. Nilimwambia kwamba hiyo nayo ni nguo iliyotumika. Akanitazama kwa subira, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito.

"Mwalimu, fulana ninaichemsha. Halafu ninaikata mimi, ninaishona mimi. Wewe unayenunua kwangu unanijua."

Nimeifikiria hoja yake tangu siku ile, na kusema kweli sijapata jibu lililo bora kuliko lake. Kisheria, anachokifanya kinaweza kuwa na utata. Kihistoria, amesimama mahali pale pale aliposimama bibi aliyekata kanga kuukuu akafanya mkaja na sodo: kitambaa ni pamba, mkono unajulikana. Kinachomkosesha usingizi ni lastiki, ambayo yote hutoka nje, na bei ya meza ya jirani, ambayo hawezi kuishinda hata akishona usiku kucha. Nilimwuliza kama angepata jora la kitambaa cha vitanzi cha pamba safi, kilichofumwa hapa, angeacha fulana za mtumba. Akasema angeziacha siku hiyo hiyo. Kisha akaniuliza kitambaa hicho kinaitwaje kwa Kiswahili, ili akienda Kariakoo ajue la kuulizia.

Nilimjibu kitambaa cha fulana. Akacheka, akasema kwamba hilo ni jina la nguo, si la kitambaa.